Karatasi Niliyokataa Kuisoma: Maisha ya Thomasi Hhando Akonaay, 1933–1984

Baba Paroko, wazee wetu wa ukoo, wakwe zetu mliotoka Buger, watumishi wenzake wa mifugo, rafiki zetu mliofika tangu jana kutoka Nainokanoka na Endulen, majirani wa Kansay na wote mliokanyaga tope la mvua hii mpaka hapa uani, mimi ni Mwalimu Patrisi Akonaay, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na ndiye niliyepewa kazi ya kuwasomea jinsi ndugu yetu alivyoishi na alivyotutoka.

Nina karatasi mbili mfukoni. Moja ni ya ukurasa mmoja, imepitishwa asubuhi hii na kikao cha wazee, nayo inasema kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu, basi. Nyingine aliiandika yeye mwenyewe kwa mkono wake tarehe 2 Februari mwaka huu, akiwa hawezi tena kukaa bila kuegemezwa, akaikunja mara nne akanipa, akaniapisha. Kuzaliwa, shule, kazi na ndoa, karatasi zote mbili zinasema sawasawa. Zinapoachana mtajua wenyewe, na ninawaomba wanaonong'ona pale kwenye mahindi wanyamaze, kwa maana sina sauti ya kushindana na mtu leo.

Thomasi Hhando alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1933 huko Murray, Mbulu, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Akonaay na marehemu mama yetu Antonia, akabatizwa mwaka uliofuata, na mwaka 1939 wazazi wetu walipohama na ng'ombe sita kuja kufyeka shamba hili mlimosimama, yeye alitembea siku mbili kwa miguu yake akiswaga ndama, wakati mimi nilikuwa mgongoni kwa mama. Alisoma shule ya misheni Karatu kuanzia mwaka 1943 hadi 1947, kisha shule ya kati Mbulu hadi 1951, ambako katika mtihani wa mwisho alikuwa wa tatu kati ya wanafunzi thelathini na mmoja, jambo ambalo hakuacha kunikumbusha mpaka mwaka jana, maana mimi nilikuwa wa kumi na nne.

Mwaka 1952 alijiunga na chuo cha mifugo Mpwapwa, akahitimu mwishoni mwa 1953, na tarehe 1 Februari 1954 akaanza kazi Mang'ola kama msaidizi wa mifugo, akakaa huko miaka saba, kisha mwaka 1961 akahamishiwa Ngorongoro, kwanza Nainokanoka, baadaye Endulen, akazunguka boma kwa boma kwa miaka ishirini na miwili, kwa miguu zaidi kuliko kwa gari, akiwa na begi lake la ngozi lenye sindano, vioo vya kupimia na chupa ya spiriti.

Hapa lazima niwaeleze kazi yake, kwa sababu ndiyo iliyomponya na ndiyo iliyomponza. Ninyi mnaofuga mnaijua ndigana kali, homa ya kupe inayoua ng'ombe, mnajua kwamba kupe hupenda kuuma sikioni, na kwamba tezi iliyo chini ya sikio ndiyo ya kwanza kuvimba, kabla ng'ombe hajaacha kula, kabla hajaanza kukohoa. Rafiki zetu Wamaasai huuita ugonjwa wenyewe kwa jina la tezi, oltikana. Hhando alikuwa akiipapasa tezi hiyo kwa vidole viwili, anachoma sindano, anatoa majimaji kidogo, anayapaka kwenye kioo na kuyapeleka kwenye hadubini, na kabla ya jua kuzama mwenye ng'ombe anajua kama mnyama wake anao ugonjwa au hana. Kila mkutano wa josho, pale ng'ombe wanapoogeshwa dawa ya kupe, aliwaambia watu neno lile lile, kwamba tezi hupiga hodi mara moja tu. Mzee Sironka wa Nainokanoka, aliyeketi pale mbele, aliwahi kumletea jike la maziwa siku ya tano, likiwa limekwisha kulala chini, na Hhando alimgombeza mbele ya wake zake, akamwambia, "Tezi imekuita siku nne, ulikuwa wapi?" Waligombana mwezi mzima, halafu wakawa marafiki hadi kifo.

Alifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 14 Septemba 1957 katika kanisa la Karatu na Marsela, binti wa mzee Bura wa Buger, wakajaliwa watoto sita, watano wako hai, na kifungua mimba wao ni Evarista, ambaye ndiye aliyemwosha baba yake miezi hii yote ya mwisho. Marsela mnamjua. Ndiye mama aliyesimama pale kwenye ukuta wa jiko, mbali na jeneza, mahali ambapo mjane hasimami, na mnajua pia kwa nini yuko pale, ingawa hakuna anayelisema kwa sauti.

Basi karatasi ya wazee inaishia hapo. Wazee wangu, mmenituma, nami nawaheshimu, lakini yeye alinituma kabla yenu. Mwenye mtoto mdogo anaweza kusogea naye kule zizini.

Ndugu yetu amefariki kwa kansa ya uume. Nimelisema, na mvua haijaacha kunyesha. Kuna watakaosema kwamba sisi tumetahiriwa na ugonjwa huo si wetu, hata mimi nilisema hivyo, na daktari alitujibu kwamba kwa waliotahiriwa huja kwa nadra, lakini huja.

Ulianza mwezi Aprili 1978, akiwa Endulen, kwa kidonda kidogo kama punje ya mtama, kisichouma. Mtu aliyekuwa akiwagombeza wenzake kwa kuchelewa siku tano alikificha kidonda hicho miezi kumi na mitatu, akikipaka dawa ya chuchu za ng'ombe, kwa sababu aliona aibu kumvulia suruali mganga wa zahanati aliyekuwa akicheza naye bao. Mwezi Mei 1979 alipokwenda hatimaye, kwenye zahanati ya mbali ambako hakujulikana, hakupimwa chochote, aliambiwa ni kaswende, akachomwa sindano, akaamriwa amlete na mkewe. Marsela alikwenda, akachomwa sindano naye, akarudi nyumbani bila kumlaumu mtu. Ila siri ya zahanati haifichiki, na wiki mbili baadaye habari ilikuwa imefika Kansay.

Mwezi Juni 1979 ukoo ulikaa, na aliyesema kwa ukali kuliko wote nilikuwa mimi. Mnakumbuka Marsela alikuwa na jaruba la vitunguu Mang'ola, alilolima na kaka yake, na wakati wa mavuno alisafiri na malori ya wafanyabiashara, mara nyingine akilala huko siku tatu. Nilisimama, nikiwa mwalimu mkuu, mtu anayesikilizwa, nikasema ugonjwa huu umepandia kwenye lori la vitunguu. Watu walicheka. Sikuwa na ushahidi hata wa kujaza kiganja, nilikuwa na maneno mazuri tu. Hhando alikaa kimya, alikuwa anaona haya kusema kidonda kilianza lini na kilivyo, na sisi tukauhesabu ukimya wake kuwa ni kukubali. Marsela alirudishwa kwa baba yake Buger siku ya pili, na alipopita mlangoni kwangu na furushi lake aliniambia neno moja, "Mwalimu, hata mtoto wa shule humhukumu hivi, bila kuangalia daftari lake?" Nilifunga mlango.

Kidonda hakikujua kwamba mke amefukuzwa, kiliendelea kukua. Mwezi Januari 1980 Hhando alikuwa Nainokanoka akichanja ndama, damu ikatokeza kwenye suruali yake ya kaki, na mzee Sironka akaiona. Hakumwuliza kitu mbele za watu, alimfunika na shuka lake mwenyewe, akamsindikiza hadi barabarani, akasimamisha Land Rover ya kwanza iliyopita, na alipokuwa akimpandisha ndipo akamrudishia deni lake la maneno, "Bwana mifugo, imekuita siku ngapi?"

Tarehe 11 Februari 1980 alipokelewa katika hospitali kubwa, nami nikamfuata. Walikata kipande cha kidonda, wakakipeleka kupimwa, jibu likarudi kwamba ni kansa, na tarehe 3 Machi walimfanyia upasuaji, wakaondoa sehemu iliyooza na kumwachia kiasi cha kumtosha kwenda haja ndogo akiwa amesimama, kama mwanamume. Ninayasema haya kwa idhini yake, yameandikwa hapa.

Lakini kidonda hakikuwa hofu kubwa ya daktari, hofu yake ilikuwa manena. Alitueleza kwamba kansa hii ikianza kutembea hupitia kwenye tezi za kinenani, na kwamba miaka yote desturi imekuwa kuziondoa zote, pande mbili, jambo linaloacha majeraha yasiyotaka kufunga na miguu inayovimba maisha yote, au kuziacha zote na kumwachia Mungu. Alisema amesoma katika jarida la madaktari la hivi karibuni kwamba iko tezi moja iliyo mlangoni, ya kwanza kupokea kila kinachotoka kwenye uume, hivyo mtu anaweza kuchanja kidogo tu, akaitoa hiyo peke yake kila upande, ikapimwa. Ikiwa na kansa, zote zitolewe. Ikiwa safi, nyingine ziachwe. Akatuambia bila kuficha kwamba njia hii ni changa, kwamba wakati mwingine tezi hiyo, mlinzi wa mlango, hukutwa mzima na mwizi keshapita, kwa hiyo mgonjwa lazima arudi kila miezi miwili kupapaswa, asikose.

Jamani, kaka yangu alicheka, mara ya kwanza tangu alazwe, akamshika daktari mkono akamweleza habari za kupe na sikio la ng'ombe, akasema kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na sita na hakujua kama atafanyiwa yeye mwenyewe. Daktari alivuta kiti akakaa. Walizungumza saa nzima kama watu wa josho moja.

Tezi mbili zilitolewa tarehe 17 Machi 1980 na kupelekwa maabara ya mbali, na majibu yakachukua wiki tano. Sitawaeleza wiki hizo zilivyokuwa. Nitasema tu kwamba kila gari la posta lilipoingia, Hhando aligeukia ukutani, na mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta maji, kwa sababu kama tezi zingekuwa na kansa asingetembea tena kwenda boma lolote, na kama zingekuwa nayo na tukaziacha zile nyingine, angekufa. Tarehe 21 Aprili karatasi ilifika. Ilisema kidonda kilikuwa kansa tangu mwanzo, ilisema damu yake haina kaswende na haina dalili ya kuwahi kuwa nayo, na ilisema tezi zote mbili, ya kulia na ya kushoto, ni safi.

Aliisoma mara tatu. Alipofika kwenye mstari wa kaswende alilia, akaninyooshea karatasi bila kunitazama.

Hakuja Kansay kwanza, alikwenda Buger akiwa bado na bandeji, akampigia magoti mkwe wake akiwa mtu wa miaka arobaini na sita, akamwomba Marsela, naye akarudi. Kisha akanijia nyumbani akaniomba niitishe ukoo kama nilivyouitisha mwaka uliopita, niisome karatasi ile mbele ya watu wale wale. Nilikataa. Nilimwambia mambo ya sehemu hizo hayasomwi mbele ya wanawake, kwamba maneno yatakufa yenyewe, kwamba mkewe amerudi, anataka nini zaidi. Kumbe nilikuwa nalinda jina langu. Na maneno hayakufa, maana kwa miaka minne Marsela amechota maji peke yake, Jumapili amekaa benchi la nyuma, na binti yake wa tatu ameachwa na mchumba, kwa sababu ya hotuba yangu niliyoitoa kwa dakika kumi.

Hhando alirudi kazini mwezi Julai 1980, akaenda kupapaswa kila miezi miwili kama alivyoagizwa, mara kumi na mbili mfululizo, na kila mara akakutwa mzima. Kisha ukaja mwaka 1982, mafuta yakawa hayapatikani, gari likawa linapita mara moja kwa wiki au lisipite, na ndama wakawa wanakufa kwa ndigana kule Endulen, naye akasema hawezi kuwaacha, akakosa safari ya Septemba, akakosa ya Novemba, akakosa ya Januari. Mwezi Februari 1983 alishika mtoki katika kinena cha kulia, mdogo, mgumu. Hapo ujuzi wake ulimdanganya. Alijua kwamba ng'ombe aliyekwisha kutibiwa anaweza kuvimba tezi tena akiwa anapambana na kupe wapya, na kwamba ukimpa sindano tezi hutulia, hivyo alifungua begi lake, akajichoma dawa ya ng'ombe siku kumi, akisubiri itulie. Haikutulia. Alisubiri miezi sita. Tezi ya mlangoni ilikuwa imetolewa na ilikuwa safi, kwa hiyo aliamini nyumba nzima ni safi, na alisahau alichoambiwa juu ya mwizi. Mganga hajigangi, ndugu zangu.

Alirudi hospitali tarehe 22 Agosti 1983, tezi za kulia zikaondolewa zote, lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha kupanda tumboni. Daktari alikaa kitandani kwake akamwomba radhi kwamba njia ile haikumwona mwizi, na Hhando alimjibu kwamba imempa miaka mitatu ya kutembea kwa miguu yake, na kwamba kosa la kutorudi ni lake. Aliletwa nyumbani Desemba, akauguzwa na mkewe na Evarista, akafariki Jumanne tarehe 13 Machi 1984, saa kumi na moja alfajiri, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Marsela. Ameacha mjane, watoto watano na wajukuu wanne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi ambao hawakuziba pua, tunawashukuru watumishi wa mifugo waliomletea mshahara hadi kitandani, tunamshukuru mzee Sironka ambaye shuka lake, kwa agizo la marehemu, limefunika miguu yake ndani ya jeneza, tunawashukuru majirani mliolima shamba hili mwezi Januari bila kuitwa. Wanaume mlioko hapa, aliandika niwaambie kwamba mwenye kidonda cha namna hiyo, hata kama hakiumi, aende sasa hivi, na akiambiwa rudi, arudi, hata kama nchi nzima haina mafuta.

Mistari ya mwisho naisoma ilivyo. "Patrisi, mwaka 1980 ulikataa kusoma karatasi. Sasa utasoma, maana siwezi kukuacha uende nayo kaburini kwako, na Marsela hawezi kuendelea kubeba kidonda changu."

Karatasi ya hospitali ni hii, aliikunja ndani ya karatasi yake, ya tarehe 21 Aprili 1980, ina mhuri, nitampa Baba Paroko aiangalie, na baadaye kila mzee aliyekuwa kwenye kile kikao aishike kwa mkono wake. Ugonjwa haukupandia kwenye lori lolote. Marsela alikuwa analima vitunguu. Nilimsingizia, nikajua nimemsingizia, nikanyamaza miaka minne, na ninaomba msamaha kwake, kwa mzee Bura na kwa watoto, mbele ya watu wote, kwa kuwa nilikosa mbele ya watu wote.

Ratiba ya wazee inasema ndugu wa kiume wataanza kutupa udongo, nikiwa wa kwanza. Mimi nitakuwa wa mwisho. Shemeji, toka hapo ukutani, uje, watu wakupishe njia, hatutashika koleo mpaka udongo wa mkono wako uanguke kwanza.

Kaka Hhando, nimeisoma yote. Pumzika sasa kwa amani, mkeo anakuja.